Mzigo wa Ndugu Wasiosemezana

“Nyumbani kwenu, mtu wa chama kingine akikuletea chakula, unakula?”

Aliyeniuliza alikuwa mwanamke wa Kimarekani wa miaka hamsini na kitu. Alikuwa amekaa juu ya katoni tupu kwenye korido, nje ya ofisi ya shangazi yangu, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na kaimati mdomoni. Nikaitafuna taratibu kuliko ilivyohitaji. Nilikuwa na shahada ya siasa ya chuo kikuu cha Dar es Salaam na tasnifu ya kurasa sabini kuhusu vyama vingi. Kaimati ilipoisha nikasema, “Inategemea.”

Akacheka. “Hilo ni jibu la mtu aliyesoma,” akasema, kisha akarudi ndani kwenda kunawa mikono.

Hiyo ilikuwa Guangzhou, mwaka ambao Ramadhani iliangukia Oktoba, na Wamarekani walikuwa wamebakiza wiki chache wachague rais huku jeshi lao likipigana Iraki. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja na nusu mjini pale. Shangazi, dada yake baba, ni Mzanzibari aliyekuja China kwanza kununua mapazia ya duka lake mwenyewe. Baadaye akaona wenzake wanahangaika kusafirisha mizigo, akafungua ofisi ya kago ndani ya Tianxiu, jengo la ghorofa lililojaa wafanyabiashara wa Kiafrika: chumba kimoja, meza mbili, mizani, jiko la umeme la kupikia wali, na stoo ya kukodi karibu na mtaa wa Kangle. Alimpigia baba simu akasema, “Niletee yule mtoto wako mbishi anayejua Kiingereza.” Nilikwenda kwa miezi mitatu. Kila miezi mitatu ilipoisha niliomba mingine.

Nilipapenda. Nilipenda hata foleni ya lifti asubuhi, Wamali na Wanigeria na Wakongo na sisi, kila mtu amekumbatia mfuko wa sampuli na kila mmoja akijifanya hamwoni aliyechomekea mbele. Nilipenda kwenda Shahe, soko la nguo la jumla, kabla jua halijachomoza vizuri, kukuta suruali za jinzi zimepangwa hadi kwenye ngazi, na muuzaji anayenibonyezea bei kwenye kikokotoo, ananigeuzia, nami naifuta na kubonyeza yangu, tunaendelea hivyo bila neno mpaka mmoja anacheka. Nilipenda kwamba hakuna aliyeniuliza nitaolewa lini. Nilikuwa nafunga Ramadhani na huku nina maswali yangu kuhusu kufunga, na Shangazi aliniambia maswali hayabatilishi saumu, niulize tu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika alama. Mzigo wa mteja mmoja mara nyingi haujazi kontena, kwa hiyo watu watano au kumi wanachangia kontena moja. Kila katoni inaandikwa kwa kalamu nene ya wino mweusi: herufi za mwenye mali, mji unakokwenda, namba ya katoni. Hiyo ndiyo alama. Kule mzigo unakofikia, mtu anaitafuta alama yake kama unavyomtafuta mwanao getini shule ikitoka. Usipoiona, huna mali.

Shangazi alikuwa na sheria moja ya alama ambayo niliipinga tangu wiki ya kwanza. Ndugu waliotoka nyumba moja hawapewi alama mbili. Wakija kaka na mdogo wake, au dada wawili, hata kama kila mmoja ana biashara yake, mzigo wao unaandikwa alama moja, wakagawane wenyewe huko mbele. Na kwa sababu ni alama moja, vijana wa stoo walikuwa wanabana nafasi: katoni ya huyu ikibaki na pengo wanalijaza kwa vitu vya yule.

“Lakini Shangazi, kila mteja ana haki ya mzigo wake.”

“Haki kaiandike kwenye daftari lako la chuo. Hapa andika alama.”

“Nipe sababu basi.”

“Ndugu wakiwa na alama mbili napigiwa simu mbili. Sababu hiyo haikutoshi?”

Haikunitosha, lakini niliichukua kalamu nikaandika.

Wamarekani walifika wiki ya kwanza ya Ramadhani, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara. Walikuwa kaka na dada, yeye dada akiwa mkubwa kwa miaka miwili. Walitoka mji mdogo wa bara, mbali na bahari, ambako baba yao alikuwa amewaachia duka la mapazia, foronya na vitambaa vya meza. Aliyewaelekeza kwetu alikuwa Mzanzibari mmoja, muuguzi wa hospitali ya mji wao, ambaye mara mbili tatu alikuwa amepitisha mzigo kwa Shangazi. Mawakala wakubwa walikuwa hawawataki kwa udogo wa mzigo wao.

Nilishangaa tangu dakika ya kwanza. Kaka alikaa mwisho wa meza huku, dada mwisho ule, na mimi katikati.

“Mwambie nataka za rangi ya krimu,” akasema kaka.

Nikageuka kwa Shangazi kutafsiri. “Siyo yeye,” akasema kaka, akionyesha kwa kidevu. “Dada yangu.”

Dada alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, masikio yake mazima.

“Anataka za rangi ya krimu,” nikamwambia kwa Kiingereza kilekile.

“Mwambie nimesikia,” akasema dada.

“Amesikia.”

Siku nne nilifanya kazi hiyo, kutafsiri Kiingereza kwenda Kiingereza. Jirani yetu wa korido, Mkongo wa Lubumbashi aliyeuza viatu na ambaye Jumapili alikuwa shemasi kanisani kwake, alichungulia siku ya pili akasikiliza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole, “Dada, hii kazi banakulipa namna gani? Kwa neno ao kwa siku?”

Habari kamili niliipata kwa vipandevipande, nusu kwa huyu nusu kwa yule, kwenye teksi mbili tofauti, kwa sababu hawakukubali kupanda moja. Kaka alikuwa upande wa rais aliyekuwa madarakani. Dada alikuwa upande wa mpinzani wake na hakutaka kuisikia ile vita. Kaka alibandika picha ya mtu wake kwenye dirisha la duka. Dada akabandika ya mtu wake kwenye dirisha la pili. Baada ya mwezi, wateja wakaanza kuchungulia kwanza kuona nani yuko kaunta. Wapo waliogeuka mlangoni wakimwona dada, wapo waliogeuka wakimwona kaka. Mwalimu mmoja aliyenunua foronya kwao tangu enzi za baba yao alirudisha foronya.

Kwa hiyo kaka alikuwa ameamua. Huu ungekuwa mzigo wao wa mwisho wa pamoja. Ukifika, kila mmoja anachukua wake, na duka linajengwa ukuta katikati: milango miwili, vibao viwili, kila mtu na wateja wake. Alikuwa na mchoro wa ukuta huo kwenye mkoba. Alinionyesha bila kinyongo, kama mtu anavyoonyesha ramani ya nyumba anayojenga. Dada hakuutaka ukuta. “Baba alikuwa anasimama pale kaunta na kuona madirisha yote mawili,” aliniambia ndani ya teksi yake. “Lakini sitaomba. Sitamwomba mtu yule kitu chochote.”

Nilijaribu kumwelewa kila mmoja, na tatizo langu ni kwamba niliwaelewa wote. Kaka alikuwa mtu mwema. Alimbebea bibi mmoja wa Kangle majora ya kitambaa kupanda ghorofa mbili bila kuombwa. Dada naye alikuwa mcheshi, na mkali wa bei kuliko Shangazi. Kila mmoja alipozungumza juu ya nusu ya pili ya nchi yao, uso ulibadilika, akasema “watu wale” kwa sauti ambayo nilizoea kuisikia ikitumika kwa wezi. Nilimuuliza kaka, “Dada yako naye ni miongoni mwa watu wale?” Akatazama nje ya dirisha la teksi hadi tulipofika.

Wote wawili walivaa vibeji vya wagombea wao, kaka kwenye koti, dada kwenye mkanda wa mkoba. Huko Kangle, kwenye vichochoro vya mafundi cherehani, yule tajiri wa karakana tuliyemwagizia mapazia, laoban kama tulivyowaita wote, alivitazama vibeji kwa makini akaniuliza pembeni ni alama za viwanda gani. Nilijaribu kueleza. Akaelewa kwamba hawa ni wanunuzi wa makampuni mawili yanayoshindana. Akampunguzia kaka bei kwa siri ili asiende kwa mwingine, kisha akampunguzia dada kwa siri hiyohiyo. Sikumrekebisha. Nilikuwa mkosoaji wa kila kitu lakini si mjinga.

Siku ya kufunga mzigo kaka alinipa maagizo kwenye karatasi. Alama mbili. Selotepu nyekundu kwa wake, ya buluu kwa dada yake. Makatoni yasigusane ikiwezekana.

“Ikiwezekana,” nikarudia.

“Unaona nachekesha,” akasema.

“Naona ni haki yako,” nikamjibu, na nilimaanisha. Nilimpigia simu msimamizi wa stoo, mtu wa Hubei aliyefanya kazi na Shangazi tangu mwanzo, nikamwambia safari hii, sheria kando, alama mbili, tepu mbili. Akaitikia kwa Kichina “hao, hao”, sawa, sawa. Nami nikaenda zangu Shahe kufuatilia jinzi za mteja wa Kariakoo zilizokuwa zimeshonwa zipu za kike kwenye suruali za kiume.

Sikurudi stoo siku ile. Kesho yake asubuhi kontena lilikuwa limejazwa, limetiwa lakiri na kwenda bandarini. Nikachukua orodha ya mzigo nikaanza kuisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya lifti. Nikaisoma tena. Alama ilikuwa moja. Namba zilianza moja zikaendelea hadi mia tatu na kitu bila kukatika. Foronya za kaka na za dada zimewekwa pamoja, vitambaa vya meza vya huyu vimejazia pengo la mapazia ya yule.

Nilimpigia msimamizi. Hakuelewa hasira yangu. Karatasi mbili za mauzo, akasema, zilikuwa na jina moja la ukoo. Aliniuliza kama si kaka na dada. Nikasema ndiyo. “Sasa?” akasema. Kwake yale maagizo yangu ya simu yalikuwa ndiyo kosa, na yeye alikuwa amenisahihishia.

Kosa lilikuwa letu, na mimi ndiye niliyepaswa kusimama stoo nikaliona. Shangazi alisoma orodha, akavua miwani, akasema tu, “Waite waje kufuturu.”

“Shangazi, wanataka kuambiwa, siyo kulishwa.”

“Wataambiwa wakishakaa chini.”

Walikuja saa kumi na mbili kasoro, kwa teksi mbili. Tulikuwa tumesogeza meza na kutandika mkeka. Palikuwa na uji wa pilipili manga, tende, mihogo ya nazi ya kopo, sambusa, kaimati, na samaki aliyepikwa na Shangazi kwenye lile jiko moja kwa mpangilio ambao sijawahi kuuelewa. Mkongo alikuwa ameshakaa.

“Wewe hufungi,” Shangazi akamwambia, kama alivyomwambia kila siku.

“Mama, mimi nafunga na Mungu wangu, ni siri.”

“Siri gani, shemeji? Mchana nimekuona na paja la kuku.”

“Ile ilikuwa majaribu.”

Niliwaambia kabla saa yetu ya adhana haijalia, maana nilijua nikianza kula sitasema. Nilisema yote: alama moja, namba moja, vimechanganywa, kontena limefungwa. Kaka alisimama. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

“Lifunguliwe.”

“Linaweza kurudishwa kutoka bandarini,” nikasema. “Lakini meli itaondoka, na ya kufuata haitawahi Krismasi yenu.”

“Nilikuandikia. Nilikuandikia kwenye karatasi!”

“Uliniandikia. Kosa ni letu.”

“Anasemaje?” akauliza Shangazi.

“Anasema tumekosea.”

“Mwambie ni kweli. Mwambie gharama za kulirudisha nitalipa mimi, kama wote wawili wanataka lirudi. Lakini wote wawili. Alama ni moja, siwezi kurudisha nusu.”

Nikamtafsiria. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, viatu amevua, anatazama sambusa. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nami nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Mwambie haichekeshi,” kaka akaniambia.

Hapo nilichoka. “Mwambie mwenyewe,” nikasema. “Anajua Kiingereza.”

Mkongo akaacha kutoa kokwa ya tende yake. Kaka alinitazama, akamtazama Shangazi, ambaye hakuelewa nilichosema lakini alielewa sauti na alikuwa amenikazia macho. Kisha akamgeukia dada yake, kwa mara ya kwanza tangu waingie mlango wa ofisi ile.

“Unasemaje wewe?”

“Nasema nina njaa,” akasema dada. “Na Krismasi ndiyo nusu ya mauzo yetu ya mwaka, unajua hivyo kuliko mimi.”

“Itabidi tufungue kila katoni. Wote wawili. Moja baada ya moja.”

“Najua.”

“Itachukua wiki.”

“Basi itachukua wiki.”

Saa ya adhana ikalia. Shangazi akaninyooshea sahani ya tende, mimi nikampa kaka, na kwa vile alikuwa amesimama peke yake kati ya watu waliokaa, ikabidi akae. Nafasi ilikuwa moja tu, kati ya dada yake na Mkongo. Mkongo akammiminia uji na kumweleza, kwa Kifaransa ambacho kaka hakukijua, kwamba asiogope pilipili.

Sitadanganya kwamba walipatana. Walikula. Katikati ya mihogo walianza tena kuhusu vita, moja kwa moja safari hii, na maneno yalikuwa mabaya kuliko yale yaliyopitia kwangu, maana mimi nilikuwa nayachuja. Dada alimwambia ana damu mikononi. Kaka alimwambia anafurahi wanajeshi wakishindwa. Kisha dada akamuuliza kama anamalizia ile sambusa. Akampa.

Ndipo dada akatoka kwenda koridoni kupunga hewa, nikamfuata na kaimati yangu, akaniuliza lile swali la chakula.

Walipokwisha kuondoka, kwa teksi mbili bado, nikawa naosha vyombo nikamuuliza Shangazi swali lilelile. Nilitegemea aniambie sisi si watu wa hivyo. Alikuwa ananikaushia masinia.

“Mwaka ule wa siasa kali,” akasema, “kijijini kwetu palikuwa na maduka ya chama hiki na maduka ya chama kile. Mtu anavuka maduka mawili kwenda kununua kiberiti la tatu. Jirani yangu wa chama kile, tuliyekaa naye ukuta mmoja, aliniletea ubwabwa arobaini ya mama. Sahani kubwa, na nyama juu.”

“Ukala?”

“Nikawamwagia kuku.”

Nilifunga bomba. Shangazi ninayemjua mimi alikuwa analisha korido nzima.

“Kuku wakala,” akaendelea, akafuta sinia lililokwisha kukauka. “Wao hawakuuliza umetoka wapi. Mimi ndiye niliyelala njaa siku ile, maana sikuwa nimepika.”

“Ndiyo maana ya alama moja, Shangazi? Unawalazimisha ndugu wakutane?”

“Wewe na chuo chako. Nimekwambia ni simu mbili.”

Wale ndugu wakaondoka Jumamosi. Kaka alinipa mkono na kuniambia kwamba mimi ni mkweli lakini sifai kwenye kazi ya kago. Dada alimkumbatia Shangazi kwa muda mrefu. Wiki mbili baadaye Wamarekani wakapiga kura. Tuliangalia matokeo kwenye televisheni ndogo ya Mkongo, katikati ya masanduku ya viatu. Mtu wa kaka alishinda. Mkongo akauliza, “Sasa ule mama atakula na ndugu yake, ao hapana?” Kesho yake tulikuwa na makontena mawili ya kufunga kabla ya Idi.

Nilikaa Guangzhou miaka mingine minne, na ilikuwa miaka mizuri. Nilijifunza Kichina cha kutosha kugombana na kisha kuomba radhi. Sheria ya alama moja niliendelea kuipinga na kuendelea kuiandika. Shangazi kwa upande wake alipata hadithi, na aliisimulia kwa kila jozi ya ndugu waliokaa mbele ya meza yake kudai alama mbili: jinsi makatoni yake yalivyowakalisha Wamarekani wawili wiki nzima pamoja, duka likabaki moja, na ukuta haukujengwa. Kila mwaka hadithi iliongezeka kidogo. Nilipomuuliza nani kamwambia haukujengwa, alisema mzigo ulifika salama na hakuna aliyepiga simu kulalamika, kwa hiyo.

Nami nikaiamini, nadhani kwa sababu ilikuwa imenisaidia. Niliporudi Dar na kuwakuta baba na kaka yangu mkubwa hawasemezani kwa ajili ya uchaguzi wetu wenyewe, niliwasimulia hiyo, na usiku ule walikula sinia moja.

Zaidi ya miaka kumi baada ya futari ile, kwenye harusi moja Dar es Salaam, nilikalishwa meza moja na yule muuguzi wa Kizanzibari aliyewaelekeza kwetu. Nikamuuliza habari za duka. Alilijua vizuri, mapazia yake yote yametoka hapo. Ukuta ulijengwa, akaniambia, mwezi wa pili baada ya Krismasi ile, wa matofali, kutoka mbele hadi nyuma. Lakini choo cha duka kilikuwa kimoja, na kilibaki upande wa kaka, kwa hiyo ikabidi waache mlango kwenye ukuta, na mlango ule hawakuwahi kuuwekea kitasa.